Nafasi imejaa: taarab zetu zisitegemee mtandao pekee

Lalamiko ni moja, uwe Mombasa, Malindi au Lamu. Mtu amehangaika kuhamisha kaseti za taarab za marehemu babake hadi mtandaoni, mara simu inamwambia nafasi imejaa: alipe kila mwezi au afute. Wengine hulipa. Wengine hufuta picha za harusi ili zipate kuingia nyimbo za harusi. Kero hii naijua, kwani nami nina kaseti zangu. Lakini nafasi ndogo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni masharti ya mwenye nafasi.

Tuanze na hesabu. Kaseti ya dakika 60 ikigeuzwa kuwa MP3 ya kawaida huchukua takriban MB 60. Google humpa mtu GB 15 bila malipo, na humo humo ndimo zinamokaa barua pepe na picha zake. Hata ikiwa tupu, ni kaseti kama 250. Ukitaka sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD, kaseti hiyo hiyo hupita MB 600, na GB 15 hazitoshi kaseti 25. Apple hutoa GB 5 tu.

Zipo huduma zilizohesabu nyimbo badala ya ukubwa wake. Google ilianza mwaka 2011 kwa nyimbo 20,000, ikapandisha hadi 50,000 mwaka 2015. iTunes Match ya Apple nayo ilianza 2011 kwa nyimbo 25,000, kwa ada ya dola 24.99 kwa mwaka, baadaye ikafika 100,000. Idadi hizo ni kubwa, ila tazama masharti. Wimbo ulionunuliwa katika duka la Apple haukuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni kile ulichokuja nacho mwenyewe. Na faili iliyozidi MB 200 au saa mbili haikupokewa kabisa. Sasa chukua kaseti ya dakika 90 ya usiku wa harusi, iliyohamishwa nzima bila kubanwa. Hiyo hupita MB 900. Utaratibu huo ulipangwa kwa mtu ambaye nyimbo zake nyingi ziko dukani tayari. Sisi nyimbo zetu nyingi hazikuwahi kufika huko.

Tena huduma zenyewe hufungwa. Amazon, iliyowapa waliolipa nafasi ya nyimbo 250,000, ilitangaza mwisho wa huduma hiyo mwaka 2017, na mapema 2019 ikawa imekwisha. Google Play Music ilifungwa mwishoni mwa 2020. Wateja walipewa njia ya kuhamia YouTube Music, na Februari 2021 yaliyobaki yakafutwa. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwake hadi 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mzungu aliyepoteza nakala yake ya wimbo maarufu ataupata kesho kwingine. Sisi je? Taarab ya Mombasa ilienea kwa kaseti zilizonakiliwa madukani na kupitishwa mkono kwa mkono. Juma Bhalo alifariki 2014, Zein l'Abdin akamfuata 2016. Kaseti iliyorekodiwa harusini mbele ya watu haina ya pili yake, na chumvi na unyevu wa bahari haviisubiri. Ukungu ukishaingia kwenye utepe, sauti imekwenda, na mashairi yamekwenda nayo.

Wapo watakaosema, si uziweke YouTube watu wote wasikie? Zipo zinazofaa kuwekwa, kwa idhini. Lakini sheria ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hivyo warithi wana haki yao. Na kuna kaseti za shughuli za wanawake, ambazo waliokuwa wakiimba na kuchezeana mle ndani hawakukusudia zisikike na kila mpita njia. Hizo zahitaji kuhifadhiwa bila kutangazwa.

Ushauri wangu kwa kila nyumba ni kuwa na nakala mbili kwenye diski, moja kwako na moja kwa ndugu aliye mji mwingine. Ya mtandaoni iwe ya tatu. Diski ya TB 1 hubeba kaseti kama 1,500 za saa moja bila kubanwa, nayo hulipiwa mara moja. Diski pia hufa, ndiyo maana nasema mbili.

Lakini si kila nyumba ina kompyuta, wala redio ya kaseti inayofanya kazi. Hapo ndipo serikali za kaunti zinapohusika. Katiba ya 2010 imezikabidhi shughuli za utamaduni, pamoja na maktaba na makumbusho. Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu kila moja iweke chumba kimoja katika maktaba yake, chenye mashine ya kaseti, kompyuta na mtu anayeijua kazi. Mwenye kaseti aje nayo, aondoke nayo pamoja na nakala, na aseme mwenyewe nani aruhusiwe kusikiliza. Bajeti za kaunti hujadiliwa hadharani kila mwaka kabla ya Juni. Tukiitwa kutoa maoni, tusizungumze barabara na maji peke yake. Na hili tuliseme.