Mbegu Yao, Shamba Letu

Wanaiita "pesa ya mbegu". Chuo cha ng'ambo kinatoa kitita kidogo, chuo chetu kinaleta watu wa kutolewa damu, kisha tunaambiwa huo ni ushirikiano. Poa. Lakini mkulima yeyote atakuuliza: mavuno ni ya nani?

Tangu miaka ya 1980, wanawake wa Majengo, Nairobi, wanaojikimu kwa biashara ya ngono wametoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada. Wengine wao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI licha ya kukutana navyo mara nyingi. Kinga yao ndiyo iliyowaonyesha wanasayansi wa Nairobi na Oxford njia ya kutafuta chanjo. Mwaka 2000, watafiti wetu wakalalamika hadharani: ombi la hataza limepelekwa bila majina yao. Kama daktari mzima anasahaulika, je, mama wa Majengo?

Sisemi wageni wafunge mifuko. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti kila mwaka. Hatujawahi kufika huko. Ukienda karamuni mikono mitupu, utakula ulichopakuliwa.

Vyuo vyetu viweke mbegu yao, hata kama ni kiganja tu. Na kabla ya sindano, mkataba: data ya nani, hataza ya nani, mtaa utapata nini. Cha kuazima hakistiri maungo.