Mpira Ukiponyoka, Mwingine Uko Njiani

Barua iliyotufikia juma hili yatoka kwa mama mmoja wa Kisauni. Bintiye yuko kidato cha pili katika shule ya bweni upande wa Meru, na huko amejiunga na timu ya softboli. Walipocheza na shule moja ya Embu, mpira mwepesi wa juu ulimjia mikononi ukamponyoka, na timu yake ikashindwa kwa pointi moja. Tangu siku hiyo, asema mama, mtoto hataki mpira umwendee. Huomba asimamishwe pembeni kabisa mwa uwanja, na kwa simu ya shule ameomba ruhusa ya kuacha. Mama atuuliza: amwache aache, au amshurutishe aendelee?

Wapo wasomaji wetu wasioujua mchezo huu. Softboli ni ndugu ya besiboli, nayo ilizaliwa mjini Chicago mwaka 1887. Kila upande una wachezaji tisa, na mchezo huenda kwa zamu saba. Mrushaji hurusha mpira kwa mkono wa chini kutoka umbali wa mita 13 hivi, na mpigaji mwenye gongo ana muda usiotimia sekunde moja wa kuamua apige au auache upite. Watoto waliocheza raunda katika shule ya msingi huuelewa upesi. Ama mavazi, swali ambalo wazazi wetu hulitanguliza, suruali ndefu na mikono mirefu si kitu kigeni katika mchezo huu, na mtandio uliofungwa vyema hukaa chini ya kofia ya kinga bila taabu.

Tabu ya softboli iko kwingine. Katika kandanda au netiboli, aliyekosea hukimbia, na kule kukimbia kwenyewe ni dawa. Katika softboli, aliyekosea husimama. Hungoja. Huenda zamu nzima ikapita mpira usimfikie tena, na watu wote uwanjani wajua ni nani aliyeuangusha. Isitoshe, mchezo wenyewe umejengwa juu ya kukosa: mpigaji anayefaulu mara 3 katika kila 10 huhesabiwa hodari. Msichana aliyezoea kupata alama 80 darasani hakuandaliwa kwa hesabu ya namna hiyo, na asipoelezwa mapema atadhani yeye peke yake ndiye mwenye kasoro.

Kwa hiyo twaona kwamba jambo la kwanza la kumfundisha mtoto ni namna ya kuujaza ule muda wa kungoja. Marekani alikuwako mwalimu wa saikolojia ya michezo, Ken Ravizza, aliyefariki mwaka 2018, ambaye alifanya kazi kwa miaka mingi na timu za besiboli na softboli. Yeye aliwafundisha wachezaji kujichunguza kama dereva atazamavyo taa za barabarani. Kijani: pumzi ni tulivu, macho yauona mpira. Manjano: mabega yamepanda, mikono imelikaza gongo, masikio yasikia watazamaji tu. Nyekundu: akili imeshaondoka uwanjani. Kazi ya mchezaji ni kuitambua manjano kabla haijawa nyekundu. Na wasomaji watusamehe kwa kulitaja hili, lakini timu ya chuo kikuu cha Fullerton, iliyotwaa ubingwa wa besiboli wa vyuo vya Marekani mwaka 2004, ilikuwa na choo kidogo cha kuchezea katika banda lake. Aliyekosea alikwenda akavuta maji, kosa likaenda na maji yake.

Binti wa Meru hahitaji choo. Anao udongo mwekundu chini ya miguu yake. Akosapo, na achore mstari kwa ncha ya kiatu, kisha aufute kwa unyayo. Avute pumzi, aitoe polepole kuliko alivyoivuta, kwa maana ni ile pumzi ya kutoka ndiyo ipunguzayo mapigo ya moyo. Atazame kitu kimoja kisichosogea, kama ncha ya glavu yake au kilele cha mti ng'ambo ya uzio. Aseme neno lake moja. Mabinti zetu tayari wanalo, bismillahi, na hakuna haja ya kuwatafutia jingine. Kisha ajiulize swali moja tu: mpira ujao ukija kwangu, nitautupa wapi? Akiwa na jibu, amerudi mchezoni. Akiwa zamu ya kupiga, atoke kidogo nje ya kisanduku cha mpigaji, afanye hayo kwa ufupi, kisha aingie tena.

Haya hayafanyi kazi kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Hujifunzwa mazoezini, tena kwa makusudi: kocha amrushie mpira, mtoto auangushe kusudi, apitie taratibu yake, kisha adake unaofuata. Mwenye kuzoea kuinuka hushtuka kidogo anapoanguka.

Pamoja na hayo, si kila mpira unaoponyoka ni udhaifu wa moyo. Mwezi wa Julai, Meru na Embu huwa na ukungu na manyunyu ya baridi, na mtoto aliyekulia joto la Mombasa vidole vyake hukakamaa. Nyasi zikilowa, mpira huteleza na hudunda usivyotarajiwa. Mzazi aulize kwanza kama binti ana fulana nzito ya ndani, na kama timu yapewa nafasi ya kuchangamsha mikono kabla ya kuanza. Tumewahi kusikia watoto wakiambiwa ni waoga, kumbe wanatetemeka kwa baridi.

Ama kujiamini, wazazi wengi hudhani ni sifa. Humwambia mtoto, "Wewe ni bora kuliko wote," naye ajua si kweli, kwa sababu alikuwapo. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba chemchemi kubwa ya mtu kuamini uwezo wake ni mambo aliyokwisha kuyafanya kwa mikono yake mwenyewe. Maneno ya kutiwa moyo yana nafasi, lakini ni dhaifu zaidi. Basi mtoto apewe mambo madogo anayoweza kuyafaulu: mipira 10 ya karibu, kisha hatua mbili nyuma, mingine 10. Aandike daftarini baada ya kila mchezo mambo matatu aliyoyafanya vyema, hata likiwa ni kusimama mahali sahihi.

Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano. Mwaka 2012 wavulana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Walifungwa michezo yao miwili ya kwanza. Katika mchezo uliofuata waliwashinda watoto wa Oregon 3 kwa 2, Wamarekani nyumbani kwao. Nafasi ya ubingwa ilikuwa imekwisha kupotea, na bado walicheza.

Mama yetu, usimshurutishe, wala usimpe ruhusa ya kuacha katikati ya muhula. Mwombe amalize michezo iliyobaki, kisha mkae pamoja likizoni aamue mwenyewe akiwa ametulia. Wakati huohuo zungumza na mwalimu wa michezo kwa upole, umwombe asimfiche pembeni, bali ampe mipira mingi mazoezini. Na apigapo simu, usianze kwa kuuliza nani alishinda. Kutoka pwani hadi huko ni zaidi ya kilomita 600. Mtoto aliye mbali kiasi hicho huyapima mapenzi ya nyumbani kwa swali la kwanza analoulizwa. Muulize alikula nini, kisha muulize ni mpira gani aliufurahia. La kosa atalileta mwenyewe akitaka.

Likizo ikifika, upo mchezo wa Baseball5, usiohitaji gongo wala glavu, watu watano kila upande na mpira wa raba. Kenya iliushiriki katika kombe la dunia la kwanza huko Mexico City mwaka 2022. Kimataifa wanaume na wanawake hucheza pamoja. Nyumbani, ndugu zake na binamu watatosha. Na asipopata wenzake, mpira wa tenisi na ukuta wa nyuma ya nyumba vyafaa kwa kudaka asubuhi nzima, mradi jirani aonywe kuhusu dirisha lake.