MRITHI KUWA MSIMAMIZI WA MIRATHI SIO WIZI, WIZI UNAANZA MSIPOULIZA HESABU!

Wiki nzima mitandaoni ni povu tu. Kisa? Binti mkubwa wa mkongwe mmoja wa Bongo Fleva aliyetangulia mbele za haki mwaka jana amependekezwa na kikao cha familia awe msimamizi wa mirathi ya baba yake. Timu ya mzazi mwenza wa mwisho wa marehemu ikawaka: anarithi halafu anasimamia? Si fisi kukabidhiwa bucha hiyo? Wengine wakaapa kabisa kwamba sheria haimruhusu.

Jamani, inamruhusu. Sheria za Tanzania hazimkatazi mrithi kuwa msimamizi. Tena mahakama huwaangalia kwanza wenye haki kwenye mali yenyewe: mke, mume, watoto. Hata marehemu akiacha wosia, anaweza kumtaja mwanaye asimamie na fungu lake akalipata kama kawaida.

Na kama sio binti, mnataka nani? Meneja ambaye mikataba anaijua peke yake? Au baba mdogo aliyeonekana siku ya msiba akiulizia kadi ya gari?

Hofu ya watu ina sababu lakini. Mjini hapa nyumba zimeuzwa kabla hata ya arobaini, watoto wa nje wakaambiwa "nyie hamjulikani". Ila waliofanya hivyo wengi walijifanya wenye mali, na hakuna aliyewauliza. Msimamizi sio mmiliki! Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, basi.

Na hesabu ni lazima. Mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ana miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Kwa Sheria ya Mirathi, Sura ya 352, inayotumika mahakama za juu, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ya mgawanyo ndani ya mwaka 1. Akipiga chenga bila sababu ya msingi, mahakama inaweza kumvua usimamizi.

Hapo ndipo vita inatakiwa kuwa. Yule mdogo wa mwisho ana miaka 3, kuongea kwenyewe bado anajifunza. Baba yake hakuacha nyumba tu, ameacha nyimbo, na hakimiliki inaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Mtoto atakuwa na mvi, nyimbo bado zinaingiza hela! Je, chaneli ya YouTube itaandikwa kwenye orodha? Miito ya simu? Mirabaha? Au itaandikwa nyumba na gari, halafu hela za kila mwezi ziingie kwenye simu ya mtu mmoja?

Mama wa mtoto anapiga laivu usiku kucha, analia, watu wanamtupia makopa. Laivu sio pingamizi, dada. Pingamizi linapelekwa mahakamani, pale mirathi ilipofunguliwa, kabla binti hajateuliwa. Hata kuomba wasimamizi wawili, mmoja kila upande, kunawezekana.

Binti akiwa msafi, orodha itamsafisha. Akiwa mwizi, orodha hiyohiyo itamuumbua. Matusi ya mitandaoni hayajawahi kumrudishia yatima hata shilingi mia.