Dakika 72 ni za Nani?



Wako watu wasemao ya kwamba kilometa 80 kwa saa, kipimo cha mabasi, matatu na malori katika Kenya, ni kidogo mno, na yafaa kipandishwe hata 100 katika barabara kuu. Dereva mwema, wasema, atajipimia mwenyewe.

Toka Mombasa mpaka Nairobi ni kilometa 480 hivi. Kwa mwendo wa 80 ni saa sita. Kwa 100, barabara ikiwa tupu (na ni nani aliyeiona Mlolongo tupu?), dakika 72 zapungua. Lakini mwendo ukizidi kwa robo, nguvu ya kugonga huzidi kwa nusu na zaidi, na breki nazo hutaka nafasi ndefu kwa kadiri iyo hiyo.

Dakika hizo 72 ni za nani? Hapo ndipo penye neno. Wenzetu wengi wa matatu wana hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, na wa malori wako walipwao kwa safari. Kipimo kikipanda, tajiri atapandisha hesabu, na dereva hataongezewa usingizi. Mwaka 2004, Waziri John Michuki alipolazimisha vidhibiti mwendo, matatu zilitulia kwa muda, kisha vidhibiti vikaanza kuchezewa. Lawama ikamwangukia dereva peke yake, kana kwamba gari ni lake.

Katika Marekani, mwaka 1987, majimbo yaliruhusiwa kupandisha kipimo toka maili 55 hata 65 katika barabara kuu za nje ya miji. Madereva wakaongeza mwendo, na vifo katika barabara hizo vikaongezeka. Nao walikuwa wengi wao wenye magari yao wenyewe, wasiodaiwa hesabu na mtu.

Sisi wa reli tumezoea jambo jingine. Palipo na kazi ya njia husimamishwa ubao wa mwendo. Dereva wa treni akiutii akachelewa, dakika zile huandikwa kuwa ni za njia, si zake. Dereva wa lori akichelewa kwa kutii sheria, hukaripiwa, na pengine hukatwa.

Basi twataka kwanza mshahara wa mwezi kwa dereva, na saa zake za kazi ziandikwe kitabuni na kukaguliwa. Mpaka yapatikane hayo, 80 ibaki 80.