Acheni kutwanga krenki!

Leo siandiki juu ya kompyuta. Nina hasira.

Wiki jana nilipeleka Black Mamba ya marehemu babu kwa fundi ili krenki ya kushoto itolewe. Ilikuwa imeshikwa na kutu. Fundi akafungua nati, akachukua kinyundo, akaanza kutwanga. Kotapini ikapinda. Nilipolalamika akanijibu, "Hii ni ya zamani, bosi. Nunua ya gia."

Jamani! Kwani kosa ni la baiskeli? Hata kazini nawaona watu hawa: programu ikikwama hawatafuti chanzo, wanataka iandikwe upya yote.

Hebu tuelewane. Kotapini ni kijiti cha chuma kilichochongwa bapa upande mmoja, kinakaza krenki kwenye ekseli kama kabari. Nati haikazi chochote, inazuia pini isichomoke tu. Sasa ukigonga huku krenki inaning'inia, kishindo kinapita kwenye ekseli na kuishia kwenye gololi na vikombe vyake. Vikombe vinaingia vijishimo. Halafu unaambiwa baiskeli ni nzee!

Dawa ni kipande cha bomba. Tia mafuta ya kulegeza kutu, acha yalale usiku kucha. Simamisha baiskeli, krenki ikiwa imelala sawasawa na nati ikitazama juu. Kata bomba litoke sakafu ya saruji hadi chini ya krenki, mdomo wake ukizunguka kichwa cha pini. Rudisha nati ilingane na ncha, hesi zisiharibike. Kisha chukua nyundo nzito, piga pigo moja la maana. Vigongo vidogo vidogo vya woga ndivyo vinavyopinda pini.

Ikishapinda ni mateso. Nilikata ncha kwa msumeno na kuitoboa pini kwa drili Jumamosi nzima. Biti mbili zilivunjika. Na ukinunua pini mpya pima kwanza: za Raleigh ya Uingereza ni milimita 9.5, lakini zipo za 9.0, na dukani zote zinafanana.

Haya si siri. Sheldon Brown wa Marekani, aliyefariki 2008, aliyaeleza bure kwenye wavuti.

Fundi, pini yako iliyopinda iko mezani kwangu. Ukija kuichukua nitakupa na bomba.