Redio katika Kigari cha Gofu

Kuna vigari vya gofu vyenye betri sita za volti 6, zilizoungwa mfululizo: jumla volti 36. Redio ya motokaa yataka 12 tu. Basi fundi mwenye haraka huiunga kwenye betri mbili, nayo huimba vizuri. Lakini mbili hizo huchoka mbele ya wenzao. Chaja hupitisha umeme sawasawa katika zote. Hizo zabaki na njaa, nyingine zashiba kupita kiasi, na mwisho zote huharibika. Afadhali kununua kipunguza-volti na kukiunga kwenye ncha mbili za safu nzima. Tia fyuzi karibu na betri, kwani waya uliochubuka huweza kuwasha moto. Mzigo ukichukuliwa na wote haumlemei mmoja.