Vijumba vya Mjini na Hesabu ya Kuta

Huko Marekani limeenea wazo la kuwapatia makazi watu wa kipato kidogo kwa kuwajengea vijumba, kila kimoja kikisimama peke yake, vikiwa vimekusanyika katika kiwanja kimoja. Watetezi wake husema kwamba nyumba ikiwa ndogo huwa rahisi, tena hutumia vifaa na nishati kidogo. Kwa kuwa wazo hili limeanza kusifiwa hata kwetu, yafaa tulipime kabla ya kuliiga.

Tuchukue kijumba cha meta 3 kwa 4, chenye kuta za kimo cha meta 2.5. Mzunguko wake ni meta 14, hivyo kuta zake ni meta za mraba 35. Vijumba vinne vilivyotengana vitahitaji meta za mraba 140. Lakini vikiunganishwa katika safu moja ya meta 12 kwa 4, kuta za nje zitakuwa meta za mraba 80, na zile tatu za kutenganisha 30, jumla 110. Vikipangwa viwili viwili, mgongo kwa mgongo, jumla hupungua hadi 105. Hata hivyo, kwa joto lenye unyevu la pwani yetu mimi ningechagua safu, maana kila chumba huweza kuwa na dirisha mbele na nyuma, upepo ukapita. Tofauti ya meta za mraba 5 ni gharama ndogo ya kuweza kulala usingizi chini ya bati.

Jambo hili si geni kwetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, yenye vyumba sita, ukumbi katikati, na ua wenye jiko na choo, imewahifadhi wafanyakazi wa Dar es Salaam kwa vizazi kadhaa. Ndani yake kila chumba ni kijumba. Paa ni moja, kuta ni za shirika na choo ni kimoja. Kasoro yake kubwa imo katika haki: mpangaji aliyekaa humo miaka ishirini huweza kuambiwa ahame, naye hana la kudai.

Wamarekani nao hawakuupata unafuu kwa udogo peke yake. Katika kijiji cha Quixote, mjini Olympia, kilichofunguliwa mwaka 2013, viko vijumba 30 vya meta za mraba 13 hivi kila kimoja. Jiko kuu na mahali pa kufulia ni vya wote. Ardhi yenyewe hukodishwa na serikali ya mtaa kwa dola moja kwa mwaka! Mwenye kuvitazama vijumba vile asiitazame ardhi iliyo chini yake hatajifunza kitu.

Hapa nchini, baadhi ya wakazi wa Kurasini waliotakiwa kupisha upanuzi wa bandari waliweka akiba pamoja, wakanunua eka 30 huko Chamazi kwa shilingi milioni 24. Walijenga kwa hatua, wakitumia matofali ya kufungamana, na ardhi oevu ilitengenezwa kwa ajili ya kusafisha majitaka. Juhudi hiyo yastahili heshima. Lakini Chamazi ni mbali na bandari walikozoea kupata riziki, na nauli ya kila siku ni sehemu ya bei ya nyumba, ingawa haiandikwi katika makadirio ya fundi.

Tangu mwaka 2008 tunayo sheria inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, na kushiriki na wenzake ardhi na njia za pamoja. Imezoeleka kwa wenye maghorofa. Sioni sababu ya kutoitumia kwa safu ya vyumba sita, ili kila familia iwe na hati yake, na ua uwe wa wote. Wapimaji wa viwanja hawana budi kutenga nafasi za safu hizo katika kila mradi mpya, karibu na barabara ya mabasi, na bomba la majitaka lilazwe kabla tofali la kwanza halijawekwa.